Jino Lenye Kisigino: Istilahi za Kurekebisha Mgusano wa Gia katika Difu

Katika sehemu yetu ya istilahi imeletwa rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa matengenezo ya magari, na mwenyewe ameomba istilahi zake zipitiwe kabla ya kupigwa chapa. Mfasiri tunamhifadhi jina, kwani nia yetu si kumtahayarisha mtu aliyejitwisha kazi ambayo wengi wameikwepa. Hata hivyo tumeona vema kujadili hadharani sura moja ya rasimu hiyo, nayo ni ile inayoeleza jinsi ya kurekebisha mgusano wa meno ya gia ndani ya difu. Sura nyingine aghalabu hutaja vitu, bali sura hii hutaja mahali na mwelekeo. Mfasiri akikosea jina la kitu, fundi atacheka kidogo, kisha atakichukua kitu chenyewe kwa kuwa anakiona. Akikosea jina la mwelekeo, fundi ataisogeza pinioni upande usiopasa, ataifunga difu, na kosa hilo halitajulikana mpaka gari liwe njiani na difu imeanza kulia.

Yafaa kwanza tuwaeleze wasomaji ambao hawakupata kuinama chini ya lori. Nguvu ya injini hutoka katika gia boksi ikapita kwenye propela, na propela huizungusha gia ndogo iitwayo pinioni. Pinioni huizungusha gia kubwa ya duara iitwayo kraunwili, na hapo ndipo mzunguko unapogeuzwa pembe ili magurudumu ya nyuma yaende mbele. Ndani ya kraunwili hukaa gia nyingine ndogo zinazoyaruhusu magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi zisizolingana gari linapokata kona. Ufumbuzi huo wa mwisho si wa jana. Mfaransa Onésiphore Pecqueur, aliyekuwa fundi wa saa, aliubuni mnamo mwaka 1827 kwa ajili ya gari la mvuke. Magari mengi madogo ya siku hizi, yale yanayovutwa kwa magurudumu ya mbele na injini yake imelazwa kikingama, hayana tena kraunwili ya namna hii. Lakini malori, mabasi na magari ya kazi yanayobeba dawa na vitabu mikoani bado yanayo.

Sasa, meno ya pinioni na ya kraunwili hayana budi kugusana mahali panapostahili. Fundi hupaka rangi nzito juu ya meno machache ya kraunwili, akaizungusha huku na huku kwa kuizuia kidogo ili iwe na uzito, halafu akatazama rangi imefutika wapi. Zamani wengi walitumia unga mwekundu wa risasi uliochanganywa na mafuta, na ni heri kwamba sasa ziko rangi zisizo na sumu hiyo. Alama inayobaki ndiyo hukumu. Ikiwa katikati ya jino, au imeelemea kidogo kuelekea kitovu cha kraunwili, kazi ni njema, kwa kuwa gari likipakiwa mzigo alama hiyo husogea yenyewe kuelekea ukingo. Ikiwa kwingineko, jino litabeba uzito wote kwa sehemu yake ndogo, mafuta yatasukumwa kando, chuma kitapata moto, na siku moja jino litakatika.

Kwa majina ya vitu hatutakawia. Rasimu inaiita difu «kitofautishi», kraunwili «gurudumu la taji», na shimu, yaani zile pete nyembamba za chuma zinazowekwa nyuma ya beringi, «kabari». Kitofautishi ni chombo cha kutambua tofauti, na difu haitambui kitu. Gurudumu kwa msemaji wa Kiswahili ni lile linalokanyaga barabara, kwa hiyo anayesoma kwamba gari lina magurudumu manne na gurudumu la taji ana haki ya kuuliza hilo la tano limefungwa wapi. Kabari ina hatari zaidi. Seremala yeyote ajua kwamba kabari ni nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, nayo kazi yake ni kupasua au kubana. Shimu lazima iwe na unene uleule mzunguko mzima. Atakayetii rasimu na kuchonga kabari ataikalisha beringi kombo. Mafundi wote tuliokaa nao husema difu, kraunwili, pinioni, beringi na shimu, nasi hatuoni sababu ya kuwapokonya maneno hayo. Lugha iliyopokea parafujo kutoka kwa Wareno na gari kutoka Bara Hindi haitavunjika mgongo kwa kupokea kraunwili.

Mfasiri atajitetea, na katika barua yake ameshajitetea, kwamba amefuata kanuni tunayoihubiri sisi wenyewe: tuanze na hazina ya Kiswahili na lahaja zake, twende kwenye lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, ndipo tukope ng'ambo. Kanuni hiyo ni njema na hatuitangui. Hoja yetu ni kwamba hakuifuata. Kuyatwaa maneno mawili ya Kiingereza, kuyafasiri moja moja, na kuyapanga tena kwa mpango uleule, si kufungua hazina ya Kiswahili; ni Kiingereza kilichovishwa kanzu. Huo nao ni mkopo, tena mbaya kuliko kraunwili, kwa kuwa kraunwili hukiri wazi kwamba ni mgeni, na gurudumu la taji hujidai mwenyeji. Hazina ya Kiswahili iko katika yale ambayo wasemaji wake husema wakiwa hawamwazii Mwingereza, na katika jambo hili la difu hazina hiyo ni kubwa kuliko tulivyodhani tulipoanza.

Tuchukue mfano wa jambo ambalo ni kiini cha sura nzima. Meno ya gia mbili yakiumana hayabanani kabisa. Lazima kuwe na nafasi ndogo ili mafuta yapite na chuma kipate kutanuka kikipata moto. Katika magari mengi ya kiasi, nafasi hiyo huwa baina ya milimita 0.13 na 0.20, na katika malori huzidi. Hupimwa kwa kuishika pinioni isizunguke, kuitikisa kraunwili mbele na nyuma, na kusoma saa ya kupimia inayogusa jino. Rasimu inaliita jambo hili «pigo la kurudi nyuma». Hapa hapana pigo wala hakuna kinachorudi. Mfasiri ameutazama muundo wa neno la Kiingereza badala ya kuitazama mikono ya fundi.

Wenzetu wawili katika kikao walipendekeza mwanya, na kwa muda tulivutiwa sana. Mwanya ni neno la meno tangu asili, tena ni neno la sifa: washairi na waposaji wamelitukuza. Lakini mwanya wa kinywani ni nafasi baina ya meno mawili jirani ya ufizi mmoja. Gia nayo ina nafasi ya namna hiyo, ile inayoingiwa na jino la gia nyingine, nayo yahitaji jina. Neno mwanya likae hapo, mahali pake pa haki. Na jino la gia likikatika likaacha nafasi tupu, tusihangaike kutafuta: hilo ni pengo, na hakuna fundi wala bibi yeyote atakayeuliza maana yake.

Basi nafasi ya kuumana tuiiteje? Tuliwauliza mafundi wa gereji moja ya Dar es Salaam, nao hawakutoa jina bali kitenzi. Wote walisema, «Inacheza». Beringi iliyochakaa inacheza, usukani uliolegea unacheza, na kraunwili iliyo mbali na pinioni inacheza mno. Ni kitenzi kilekile atumiacho mama anapolishika jino la mtoto linalokaribia kung'oka. Kwa hiyo tunapendekeza mchezo wa meno, na kipimo chake kiitwe kiasi cha mchezo. Yuko atakayesema kwamba mtumishi wa ofisini akisikia mchezo atafikiri mpira. Na afikiri, mkono wa kraunwili utamsahihisha. Sababu yetu kubwa ni kwamba mchezo ni mwendo, na kinachopimwa hapa ni mwendo. Hakuna anayeiona nafasi yenyewe, kwa maana imefichika baina ya meno. Kinachojulikana ni kwamba gia inakwenda kidogo kabla ya kugota. Jina linalofuata namna kitu kinavyopimwa humsaidia anayejifunza kukipima.

Tufikie sasa lile lililotupa kichwa cha makala haya. Alama ya rangi yaweza kukaa sehemu nne zisizotakiwa, na Waingereza wamezipa sehemu hizo majina ya mwili. Mwisho wa jino ulio karibu na kitovu cha kraunwili wameuita kwa kidole cha mguu, mwisho ulio karibu na ukingo wameuita kwa kisigino, sehemu ya kuelekea ncha wameiita kwa uso, na ile ya kuelekea shina wameiita kwa ubavu. Rasimu imefasiri yote manne bila kupunguza. Tunapata jino lenye kidole, kisigino, uso na ubavu, kiumbe ambacho hata mwenye kutunga vitendawili angekionea haya. Ubaya si kichekesho hicho. Jino la gia hii limepindwa kama mundu. Kidole chake ki upande gani? Mwingereza hukariri tu, kwa sababu alifundishwa hivyo. Mwanafunzi wetu hana alichofundishwa, basi atakisia. Na neno uso linaleta mkanganyiko mwingine, kwani kurasa mbili nyuma rasimu hiyohiyo imesema «uso wa jino» kwa maana ya upande mzima wa jino unaong'arishwa.

Tulijaribu juu na chini, tukaviacha mara moja. Kraunwili ikiwa ndani ya difu juu ni kwingine, ikilazwa mezani juu ni kwingine. Tulijaribu ndani na nje, navyo vikatushinda kwa sababu tutakayoieleza punde. Tulichobaki nacho ni kitu kidogo ambacho Kiswahili hukifanya kila siku bila kujisifu, yaani kiambishi -ni cha mahali. Alama iko wapi? Iko kitovuni. Iko ukingoni. Iko nchani. Iko shinani. Maneno manne, kila moja ni jibu kamili la swali ambalo fundi hulijiuliza akiinamia kraunwili na taa mkononi, na hakuna hata moja linalobadilika kraunwili ikigeuzwa, ikilazwa au ikisimamishwa. Watumishi waliozoea mikutano ya chama watatabasamu kidogo wakiambiwa kwamba kosa liko shinani, lakini neno shina lilikuwa la mti kabla ya kuwa la siasa, na jino nalo lina shina.

Ndani na nje vilitushinda kwa sababu vinahitajika kwenye kuamrisha, na hata huko vinadanganya. Rasimu inaamuru kwamba alama ikiwa mahali fulani pinioni «iingizwe ndani», na ikiwa mahali pengine «itolewe nje». Fundi akiambiwa atoe pinioni nje ataitoa, ataiweka mezani, na atasubiri amri ya pili. Kilichokusudiwa ni kuisogeza kwa unene wa shimu moja, pengine sehemu ya kumi ya milimita. Tena ndani ni ndani ya nini? Ndani ya difu, au ndani kuelekea alikosimama fundi? Kiswahili kinavyo vitenzi vinavyotaja vitu viwili na umbali ulio baina yao, navyo havitegemei mtu amesimama wapi: kusogeza karibu na kusogeza mbali. Tukivitumia, kanuni nzima ya sura hii inakuwa hivi. Alama ikiwa nchani, pinioni iko mbali mno; isogezwe karibu na kraunwili. Alama ikiwa shinani, pinioni iko karibu mno, isogezwe mbali. Alama ikiwa kitovuni kabisa, mchezo umepungua. Kraunwili isogezwe mbali na pinioni. Alama ikiwa ukingoni, mchezo umezidi. Kraunwili isogezwe karibu. Kila aliposogeza pinioni, fundi aupime mchezo upya, kwani umebadilika. Rasimu ilitumia ukurasa mzima na theluthi kwa maneno hayo, nasi tulipowasomea mafundi ukurasa ule, wawili kati ya watano walisogeza upande usiopasa.

Kosa linalofuata lingetosha kuirudisha rasimu hata kama mengine yote yangekuwa sahihi. Kila jino lina pande mbili. Upande mmoja husukumwa injini inapolivuta gari, na upande wa pili husukumwa dereva anapoondoa mguu kwenye mafuta na gari likaanza kuizungusha injini, kama vile kwenye mteremko. Neno la Kiingereza la upande huu wa pili lina maana mbili, kuserereka bila kuvutwa na ufuko wa bahari. Rasimu imechagua bahari. Imeandikwa, si mara moja bali mara sita, «upande wa pwani». Tunaweza kucheka, lakini tulijiuliza ilikuwaje mtu mwenye elimu aandike mara sita neno ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Jibu letu ni kwamba alikuwa amezoea. Alikwisha kuandika kidole, kisigino, taji na pigo. Maneno yasiyoeleweka yalikuwa ndiyo kawaida ya sura, na pwani haikumshtua. Hiyo ndiyo hasara kuu ya tafsiri ya neno kwa neno: humwondolea mfasiri kengele inayomwambia kwamba amepotea.

Na majina yenyewe yalikuwa yakingoja. Dereva akilipeleka gari gereji husema, «Difu inalia nikivuta, nikiachia inanyamaza», au kinyume chake. Upande wa kuvuta na upande wa kuachia, basi. Kwa walimu wa fizikia tuongeze kwamba katika kraunwili upande wa kuvuta ni ule wa mbinuko na upande wa kuachia ni ule wa mbonyeo, kwa maana zilezile wanazozitumia darasani kwa lenzi. Yule dereva anayesema inalia akivuta amekwisha kumwambia fundi ni upande upi wa jino autazame kwanza, na amemwambia kwa istilahi kamili bila kujua kwamba ni istilahi.

Liko pia suala la beringi. Beringi za pinioni hukazwa kiasi kwamba haziachiwi mchezo wowote, hata kabla gari halijabeba kitu, ili pinioni isiyumbe. Rasimu inasema «mzigo wa awali». Katika kitabu kinachohusu malori, mzigo ni magunia. Mkazo wa beringi watosha. Wanaisimu wanalitumia neno mkazo kwa mambo ya silabi, nasi hatuoni kwamba silabi na beringi zitakutana katika sentensi moja zikagombana.

Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi, tuliyempelekea mapendekezo haya, ametupinga kwa hoja nzito. Amesema kwamba wanafunzi wake watakutana na vitabu vya Kiingereza maisha yao yote, na kwamba kidole na kisigino, hata kama ni upuuzi, vinawaandaa kwa upuuzi watakaoukuta. Tunaiheshimu hoja hiyo kwa sababu inatoka kwa mtu wa karakana. Lakini kitabu cha Kiswahili kinachoandikwa ili kumwandaa mtu kwa kitabu kingine hakimfundishi difu, kinamfundisha kusubiri. Mwanafunzi akiisha kujua kwamba alama ya ukingoni maana yake mchezo umezidi, jina la kigeni la ukingo atalijifunza kwa dakika moja. Akilijua jina la kigeni peke yake, hajajua chochote. Orodha ya majina ya Kiingereza iwekwe mwishoni mwa kitabu, na mle katikati pabaki pa Kiswahili.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri pamoja na mapendekezo haya, naye ameahidi kuisoma sura upya karakanani, kraunwili ikiwa mbele yake, kabla ya kuileta tena. Neno moja limebaki bila kukatwa. Shimu na shimo yamekaribiana mno, na mpiga chapa aliyechoka anaweza kumwamuru fundi aongeze shimo nyuma ya beringi. Hatutaki kulitupa neno linalotumika, ila tungependa kujua kama liko jingine. Wasomaji walio Mombasa, Kisumu na Zanzibar watuandikie mafundi wao wanasemaje. Na zaidi tungefurahi kusikia kutoka Lubumbashi na Bujumbura, ambako maneno mengi ya gereji yameingia kwa njia ya Kifaransa na yaelekea hayakugongana na shimo.